Wanaharakati Ndani ya Vyama Hasimu: Tea Party na Mrengo wa Kushoto wa Democratic Nchini Marekani

Katika kazi yetu ya elimu ya uraia, swali moja kuhusu siasa za Marekani hurudi kila mara: je, wanaharakati wa mrengo wa kushoto walioibuka ndani ya Chama cha Democratic baada ya uchaguzi wa mwaka 2016 ni sawa na wale wa Tea Party, harakati za wahafidhina waliokitikisa Chama cha Republican kuanzia mwaka 2009? Wengi wanaouliza huwa wameshajijibu. Wapo wanaoamini kwamba wote ni wale wale na kwamba kinachowatofautisha ni rangi ya chama tu, na wapo wanaoona kwamba hata kuwataja pamoja ni kosa. Mimi naona kwamba mbinu zao zilifanana kwa kiasi kikubwa, lakini matokeo yalitofautiana sana, kwa sababu vyama walivyoviingia havikujengwa kwa namna moja na kwa sababu upande mmoja ulitaka hasa kuzuia mambo yasifanyike, ilhali upande mwingine ulitaka mambo yafanyike.

Ulinganisho wowote wa haki unapaswa kuanzia kwenye mlango ambao pande zote mbili ziliutumia, nao ni uchaguzi wa mchujo. Katika nchi nyingi, uongozi wa chama ndio wenye kauli ya mwisho juu ya nani apeperushe bendera ya chama. Marekani sivyo. Huko mgombea hupatikana kwa kura za wananchi wanaojitokeza siku ya mchujo, na yeyote anayetimiza masharti ya jimbo lake anaweza kumpinga mbunge aliyepo, hata kama viongozi wa kitaifa wa chama hawataki kabisa kumsikia. Kwa kuwa nyingi kati ya wilaya 435 za uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi zina chama kimoja chenye uhakika wa kushinda uchaguzi mkuu wa mwezi Novemba, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Na kwa kuwa wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache, kikundi kidogo kilichojipanga kinaweza kumwangusha kigogo.

Tarehe 19 Februari 2009, mtangazaji wa televisheni ya CNBC, Rick Santelli, akiwa hewani kutoka kwenye ukumbi wa soko la biashara mjini Chicago, alipaza sauti kupinga mpango wa serikali ya Barack Obama wa kuwasaidia watu walioelemewa na mikopo ya nyumba, akatoa wito wa kuandamana kwa kufuata mfano wa wakazi wa Boston waliomwaga chai baharini mwaka 1773, tukio linaloitwa Boston Tea Party, ambalo ndilo lililozipa harakati hizi jina. Wito ule uliwakuta watu ambao tayari walikuwa na hasira, na tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, maandamano yalifanyika katika mamia ya miji. Mwezi Agosti wanaharakati hao walifurika kwenye mikutano ya wabunge na wapiga kura wao kuupinga muswada wa bima ya afya. Mwaka uliofuata Warepublican waliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi na kulitwaa.

Upande wa Democratic, mizizi ni ya zamani zaidi. Shirika la wanaharakati la MoveOn lilianzishwa mwaka 1998, wakati wa mchakato wa kumwondoa Rais Bill Clinton madarakani, na mwaka 2006 wanaharakati waliochukizwa na vita vya Iraq walimwezesha Ned Lamont kumshinda Seneta Joe Lieberman katika mchujo wa Connecticut, ingawa Lieberman aligombea kama mgombea binafsi mwezi Novemba na kukirejesha kiti chake. Kampeni ya Bernie Sanders ya mwaka 2016 ilikusanya kura zaidi ya milioni 13 katika mchujo wa urais. Lakini mlipuko mkubwa ulikuja baada ya ushindi wa Donald Trump. Desemba 2016, watu waliowahi kufanya kazi katika ofisi za wabunge wa Democratic walisambaza mtandaoni mwongozo ulioitwa Indivisible, na ndani yake walieleza bila kuficha kwamba walikuwa wakiiga mbinu za Tea Party: kujipanga kwa wilaya, kuhudhuria mikutano ya mbunge wako mwenyewe, kupiga simu ofisini kwake, na kukataa kabisa badala ya kuomba nafuu. Waandishi hao waliwahi kukaa upande wa pili wa meza wakati Tea Party ilipowabana wakubwa wao, na walifahamu ni shinikizo la aina gani linalomnyima mbunge usingizi. Waliweka mpaka mmoja, kwamba wangeiga mpangilio na si ubaguzi wala vitisho.

Kufanana huku kunaonekana hata kwa watu wenyewe. Theda Skocpol wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye alichunguza vikundi vya mashinani vya pande zote mbili, aliwakuta katika Tea Party wazungu wa tabaka la kati, wengi wao wenye umri mkubwa, waliotetea pensheni na bima ya afya ya wazee kama haki waliyoitolea jasho huku wakipinga misaada kwa wale waliowaona hawaistahili. Katika vikundi vya kumpinga Trump yeye na watafiti wenzake waliwakuta hasa wanawake wa makamo wenye elimu ya chuo, wa tabaka hilo hilo la kati. Hilo linapaswa kumfikirisha yeyote anayedhani kwamba harakati za kushoto zilikuwa za vijana wa mijini peke yao. Vijana walionekana zaidi katika kampeni za Sanders na za wagombea wa Justice Democrats, kikundi kilichoundwa Januari 2017 kwa lengo la kuwapinga wabunge wa Democratic wanaoonekana kuwa karibu mno na matajiri.

Matukio mawili yanafaa kutazamwa kwa karibu. Tarehe 10 Juni 2014, katika wilaya ya saba ya Virginia, Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi na mtu aliyetarajiwa kuwa Spika, alishindwa katika mchujo na Dave Brat, mwalimu wa uchumi katika chuo kidogo ambaye hakuwa na fedha za kutaja mbele ya mamilioni ya Cantor. Kura zilizopigwa zilikuwa takriban 65,000. Tarehe 26 Juni 2018, katika wilaya ya 14 ya New York, Joe Crowley, aliyekuwa wa nne kwa cheo miongoni mwa Wademocrat wa Baraza hilo, aliangushwa na Alexandria Ocasio-Cortez, binti wa miaka 28 aliyekuwa akihudumu kwenye baa muda mfupi kabla ya kampeni. Safari hii kura hazikuzidi sana 30,000, katika wilaya yenye wakazi wanaokaribia 700,000. Wote wawili, Cantor na Crowley, walikuwa wamezoea kuangalia juu, kwenye ngazi za uongozi wa Bunge, na wapinzani wao walikuwa wakibisha hodi mlango kwa mlango.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Tea Party ilipigana popote, hata pale ambapo mgombea mwenye msimamo mkali angeweza kukigharimu chama kiti. Mwaka 2010, katika mchujo wa kiti cha Seneti jimboni Delaware, Christine O'Donnell alimwangusha Mike Castle, mwanasiasa wa msimamo wa kati aliyekuwa na nafasi kubwa ya kushinda, kisha akashindwa na Chris Coons wa Democratic. Nevada, Sharron Angle alishindwa na Seneta Harry Reid wa Democratic. Mwaka 2012 huko Indiana, Seneta Richard Lugar, aliyekuwa katika Seneti tangu 1977, aling'olewa na Richard Mourdock, na kiti kikaenda kwa Democratic. Ni kweli kwamba njia hiyo hiyo iliwaleta Seneti Rand Paul, Mike Lee na Ted Cruz, lakini viti vilivyopotea vilikuwa vingi vya kutosha kumfanya Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, na wenzake waingie uchaguzi wa 2014 wakiwa wamekusudia kuzuia yasijirudie. Mrengo wa kushoto ulipata ushindi wake mwingi katika wilaya ambazo Democratic hushinda kwa urahisi. Ocasio-Cortez, Ayanna Pressley, Ilhan Omar na Rashida Tlaib, waliokuja kujulikana kama Squad, wote walitoka katika wilaya za namna hiyo. Wengi wa waliovichukua viti kutoka kwa Warepublican mwaka 2018 na kukipa chama chao udhibiti wa Baraza walikuwa wa msimamo wa wastani, na mmoja wao alikuwa Abigail Spanberger, aliyemng'oa yule yule Dave Brat.

Sababu mojawapo ya tofauti hiyo ni muundo wa vyama. Chama cha Republican cha miaka ile kilikuwa na wafuasi waliojitambulisha kwa itikadi: kwa takwimu za Gallup za mwaka 2018, asilimia 73 ya Warepublican walijiita wahafidhina, wakati Wademocrat waliojiita waliberali walikuwa asilimia 51, tena hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuvuka nusu. Mwanaharakati wa Tea Party aliyemtuhumu mbunge wake kwamba si mhafidhina wa kweli alikuwa akizungumza lugha ya wengi katika chama chake. Chama cha Democratic ni muungano wa makundi yenye mahitaji tofauti, wakiwemo vyama vya wafanyakazi, Wamarekani Weusi, Walatino, wanamazingira na wasomi wa mijini, na mtu anayetaka kukiteka hana budi kuyashawishi makundi hayo moja baada ya jingine. Sanders aliligundua hilo kwa uchungu mwaka 2016 na tena mwaka 2020, ambapo wapiga kura Weusi wa South Carolina walimpa Joe Biden ushindi uliobadili mwelekeo wa mchujo wote.

Sababu ya pili naiona nzito kuliko zote, na hutajwa mara chache. Anayetaka kuzuia anahitaji watu wachache kuliko anayetaka kujenga. House Freedom Caucus, kundi lililoundwa Januari 2015 na wabunge waliolelewa na wimbi la Tea Party, lilikuwa na wabunge wapatao 40. Warepublican wakati huo walikuwa 247, na wingi katika Baraza ni 218, hivyo walihitajika 30 tu kukataa ili Spika John Boehner asiweze kupitisha chochote bila kuomba kura za Democratic, jambo ambalo lingemwaibisha mbele ya chama chake. Mwezi Septemba mwaka huo Boehner alitangaza kujiuzulu. Miaka minane baadaye idadi iliyohitajika ilikuwa ndogo zaidi: Kevin McCarthy alipigiwa kura mara 15 kabla ya kupata uspika Januari 2023, na tarehe 3 Oktoba Warepublican wanane, wakiungana na Wademocrat, walimwondoa kwa kura 216 dhidi ya 210.

Mwaka 2021 wabunge wa mrengo wa kushoto wa Democratic walijaribu kutumia silaha hiyo hiyo. Kwa miezi kadhaa walikataa kuupigia kura muswada wa miundombinu wa takriban dola trilioni 1.2 mpaka uende sambamba na muswada mkubwa wa huduma za jamii na mazingira. Ugumu wao ulikuwa kwamba miswada yote miwili waliitaka, na kila mtu aliyekuwa mezani alilijua hilo. Seneta Joe Manchin wa Democratic, ambaye kura yake ilihitajika katika Seneti na ambaye angeweza kuishi bila muswada wa pili, alikuwa na uhuru ambao wao hawakuwa nao. Tarehe 5 Novemba muswada wa miundombinu ulipita kwa kura 228 dhidi ya 206, Wademocrat sita wakiukataa na Warepublican 13 wakiziba pengo lao. Tarehe 19 Desemba Manchin alitangaza kwamba hauungi mkono ule mwingine. Sheria iliyosainiwa Agosti 2022 ilibakiza sehemu kubwa ya mambo ya tabianchi na kupunguza bei ya baadhi ya dawa kwa wazee, lakini malezi ya watoto na likizo ya uzazi yenye malipo havikuwemo. Siwalaumu waliokubali, kwa kuwa mbunge aliyetumwa kuleta huduma hawezi kurudi kwa wananchi wake akijivunia kwamba amezuia kila kitu.

Kuhusu fedha, tofauti ipo lakini hukuzwa kuliko inavyostahili. Tea Party ilisaidiwa na mashirika kama FreedomWorks na Americans for Prosperity, hili la pili likifadhiliwa na mtandao wa mabilionea ndugu Koch, pamoja na kupigiwa debe na Fox News; mrengo wa kushoto ulitegemea zaidi michango midogo kupitia ActBlue, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2004. Wote walikuwa na wanachama wa kweli waliokodi kumbi na kujitolea jioni zao, na anayedai kwamba mojawapo ya harakati hizi ilikuwa ya kununuliwa tu anawadharau maelfu ya raia.

Viongozi wa vyama pia walijibu kwa namna tofauti. Machi 2019, kamati ya Democratic inayosimamia kampeni za Baraza la Wawakilishi ilitangaza kwamba haitafanya kazi na kampuni zinazowahudumia wagombea wanaowapinga wabunge walioko madarakani, sheria iliyofutwa miaka miwili baadaye. Warepublican walianza kwa kukumbatia, wakajaribu kupambana, kisha nguvu ile ikahamia kwa Trump. Mick Mulvaney na Mark Meadows, wote waasisi wa Freedom Caucus, walikuja kuongoza watumishi wa Ikulu yake, na FreedomWorks ilifunga milango mwaka 2024. Mrengo wa kushoto haukumezwa namna hiyo, wala haukushinda namna hiyo: mwaka huo huo wa 2024 Jamaal Bowman na Cori Bush, walioingia Bungeni kwa kuwaangusha wakongwe, waliangushwa wao katika mchujo. Tarehe 4 Novemba 2025, Zohran Mamdani, msoshalisti mzaliwa wa Kampala aliyemshinda gavana wa zamani Andrew Cuomo katika mchujo wa Democratic, alimshinda tena Cuomo aliyegombea kama mgombea binafsi na kuchaguliwa kuwa meya wa New York. Na siku hiyo hiyo, kwa tiketi ya chama hicho hicho, Spanberger wa msimamo wa wastani alichaguliwa kuwa gavana wa Virginia.