Waliozaliwa kwa IVF (yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa tumboni mwa mama) wakiwa watu wazima: maswali na majibu kuhusu afya yao

Wakubwa wao wana umri gani sasa?

Louise Brown, wa kwanza duniani, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, naye amezaa bila msaada wa maabara. Kwetu Afrika Mashariki safari imechelewa: Uganda ilimpata mtoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2004, na Nairobi mwaka 2006, kwa hiyo wa kwao bado ni vijana. Ndiyo maana takwimu nyingi zinatoka Ulaya na Australia. Kuhusu uzee wao hakuna awezaye kusema lolote, maana hakuna aliyeufikia.

Je, wanapata presha kuliko wengine?

Hapa tafiti hazikubaliani. Mwaka 2018 watafiti wa Bern, Uswisi, waliwapima vijana 54 waliotokana na IVF au njia kama hiyo na wengine 43 waliotungwa kwa njia ya kawaida. Presha ilionekana kwa 8 wa kundi la kwanza na 1 tu wa kundi la pili. Mwaka uliofuata wenzao wa Melbourne walitoa matokeo ya watu wazima 193 wa miaka 22 hadi 35, na hawakuona hatari ya ziada ya moyo wala mishipa. Makundi yote mawili ni madogo. Katika watu 54, wagonjwa wawili watatu wakiongezeka picha nzima hubadilika, kwa hiyo namba za Bern ni sababu ya kupima, si ya kuogopa.

Lenye ushahidi mzito zaidi ni hali ya mtu alipozaliwa. Zamani kliniki nyingi zilipandikiza viinitete (mayai yaliyorutubishwa) viwili, vitatu, hata zaidi, na mapacha wakawa wengi. Mapacha mara nyingi huzaliwa njiti, au na uzito chini ya kilo 2.5. Njiti yeyote, awe wa IVF au asiwe, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha ukubwani. Daktari akikuuliza ulizaliwa wiki ya ngapi na kwa kilo ngapi, ameuliza swali la maana kuliko kama ulitungwa maabara. Kadi ya kliniki ya utotoni itafutwe.

Presha ipimwe vipi?

Angalau mara moja kwa mwaka. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Mkanda wa mashine ukiwa mdogo kuliko mkono, namba hupanda bure. Ukipata 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, nenda kituo cha afya.

Kijana wa kiume aliyetokana na ICSI ataweza kuzaa?

Wengi wataweza, ila swali hili lina msingi. ICSI, yaani kudunga mbegu moja ndani ya yai, ilianzia Brussels na kutangazwa 1992 kwa ajili ya wanaume wenye mbegu chache. Huko huko, mwaka 2016, vijana 54 wa miaka 18 hadi 22 waliotokana na ICSI walipimwa: wingi wa mbegu zao ulikuwa karibu nusu ya wenzao waliotungwa kwa njia ya kawaida. Sindano si mshukiwa mkuu. Baba mwenye mbegu chache kwa kuwa kipande cha kromosomu Y yake kimekatika humrithisha mwanawe wa kiume Y hiyo hiyo yenye pengo, kwa kuwa Y hutoka kwa baba peke yake.

Anayetaka kujua apime shahawa. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, akusanye zote kwenye kikopo cha maabara bila mafuta wala kondomu ya kawaida, na zifike ndani ya saa moja zikiwa na joto la mwili. Tone la kwanza likimwagika, kipimo hudanganya, kwani hilo ndilo lenye mbegu nyingi. Aliyeugua homa kali asubiri miezi mitatu. Jibu baya moja halitoshi, kipimo kirudiwe.

Na kama yai au mbegu zilitoka kwa mchangiaji?

Basi historia ya magonjwa ya mzazi aliyemlea haimhusu kwa upande huo. Kijana akimwambia daktari "baba ana kisukari" wakati mbegu si za baba, atapimwa visivyomhusu na kurukwa vinavyomhusu. Uingereza iliondoa usiri kwa waliochangia kuanzia Aprili 2005, na mtoto akifika miaka 18 anaweza kuomba jina la mchangiaji. Kwingine hutegemea sheria na faili la kliniki.

Faili hilo liombwe mapema, kliniki hufungwa na makaratasi hupotea. Yanayotakiwa: ilikuwa IVF ya kawaida au ICSI, kiinitete kiligandishwa kwanza au hapana, viliwekwa vingapi, tatizo la wazazi lilikuwa nini, na majibu ya vipimo vya mchangiaji kama yupo, hasa selimundu.