Niamh ni "nia" yenye v: kusoma irabu za majina ya Kiayalandi

Msomaji wa Kiswahili akikutana na jina Aoife hulisoma a-o-i-fe, silabi nne, maana kwetu kila irabu ina sauti yake na haiyumbi. Kumbe ni silabi mbili tu: Iifa. Wengi husema tahajia ya Kiayalandi ni fujo. Si fujo hata kidogo, ila irabu zake nyingi hazikuandikwa ili zitamkwe. Zimewekwa kando ya konsonanti kama walinzi.

Karibu kila konsonanti ya Kiayalandi ina matamshi mawili, la upana na la wembamba. A, o na u ni irabu pana. E na i ni nyembamba. S ikipakana na e au i huwa sh. Ikipakana na a, o au u hubaki s. Shuleni hufundishwa caol le caol agus leathan le leathan, yaani nyembamba kwa nyembamba na pana kwa pana: irabu za pande zote mbili za konsonanti ziwe za kundi moja. Hapo ndipo irabu bubu zinapozaliwa. Katika Róisín, ile i ya kwanza haina sauti. Imeletwa ili s ipate wembamba pande zote, nawe useme Rooshiin.

Sasa weka Seán na Sinéad pamoja. Yote mawili yana e na a zilizofuatana, lakini angalia kistari cha juu, kiitwacho fada, kimekaa juu ya nani. Katika Seán kiko juu ya a: hiyo ndiyo irabu ndefu, na e ipo tu kuigeuza s kuwa sh. Utasema Shaan au Shoon, kwani á ya Kiayalandi hucheza kati ya aa na oo kufuatana na eneo. Katika Sinéad kiko juu ya e: Shineed, na a imebaki kuifanya d iwe pana. Ukikihamisha ukaandika Sineád, umeandika Shinaad, jina ambalo halipo. Ukikiacha kabisa kwenye Seán, unabaki na sean, neno la kawaida lenye maana ya "-zee". Ndiyo maana mimi huanza na fada kabla ya herufi nyingine yoyote.

Pasipo fada, tafuta jozi. Ao kwa kawaida ni ii, ingawa kusini, Munster, ni ee. Aoi ni ii kila mahali. Eo karibu daima ni oo, kama katika Seoirse, yaani Shoorsha. Ia ni ia yetu hasa: Niamh ni "nia", kama ya nia njema, ukimalizia na v, ambayo hapa imeandikwa mh. Usiongeze u mwishoni ukapata Niavu. Ulimi wetu unapenda silabi iishe kwa irabu, lakini hapa v ndiyo mwisho. Cha ajabu, Waayalandi nao huchomeka irabu isiyoandikwa katikati: Colm hutamkwa Kolam.

E ya mwisho ni a hafifu, kama ulivyoona kwa Aoife. Adh katika silabi yenye mkazo ni ai, hivyo Tadhg ni "tai" na g, na Sadhbh ni Saiv.

Caoimhe litakusumbua hata ukijua yote haya: kaskazini ni Kiiva, kwingineko Kwiiva. Muulize mwenye jina.

Kuandika fada kwenye simu, bonyeza herufi bila kuachia, kisha chagua á. Kwenye Windows yenye kibodi ya Kiayalandi, shika kitufe cha AltGr pamoja na irabu. Chagua kistari kinachopanda kuelekea kulia. Kinachoshuka, kama cha à, ni cha Kigaeli cha Uskoti. Na orodha yako ya majina kwenye kompyuta ikitoa SiobhÃ¡n badala ya Siobhán, jina halina kosa: á imehifadhiwa kwa baiti mbili za UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi, na programu imezisoma kama herufi mbili. Fungua faili upya ukitaja UTF-8, usianze kurekebisha majina moja moja kwa mkono.