Mtoto wa S2 anataka kuishi vipi?

Mwulize mtoto wa S2, mwaka wa pili wa sekondari, anataka kuwa nani, atakujibu kabla hujamaliza: daktari, wakili, rubani, injinia. Mwulize siku yake ya kazi itaanza saa ngapi na usiku atalala wapi, atakutazama tu. Jibu la kwanza amelikariri tangu P3, darasa la tatu la msingi. La pili hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha hapa Busia, mpakani na Kenya, upande wa Uganda, na kazi yangu kubwa na hawa watoto iko kwenye swali la pili.

Nawachukua S2 kwa sababu. Kwa mtaala mpya ulioanza 2020, mwanafunzi akiingia S3 anabaki na masomo saba ya lazima, kisha anachagua moja au mawili. Fizikia, kemia na baiolojia zimo ndani ya yale saba, kwa hiyo hapo bado hajajifungia mlango. Uamuzi mzito unamsubiri baada ya S4: kombinesheni ya S5, yaani masomo machache atakayobaki nayo hadi S6, au chuo cha ufundi, au cheti cha ujuzi wa kazi. Katikati kuna muda wa kufikiri bila presha ya mtihani, na mtoto wa miaka kumi na minne hufikiri vizuri sana ukimpa kitu cha kushika.

Ninachompa ni karatasi tupu. Aandike Jumanne moja ya maisha yake akiwa na miaka thelathini, tangu kuamka hadi kulala. Jumanne, kwa sababu ukiwaacha wachague siku wenyewe wote wataandika Jumamosi.

Kijana mmoja alitaka kuendesha trela. Si ajabu, amekulia pembeni ya foleni ya malori na anayajua kwa mlio. Lakini Jumanne yake ilikuwa hivi: anaamka kwake, anakunywa chai na watoto, anawapeleka shule, saa moja jioni ameshaoga, anakula na familia, anatazama mpira. Barabara haimo kabisa. Sikumwambia lolote. Nilimtuma akaongee na madereva waliokuwa wanasubiri karatasi zao, na swali awe nalo moja: mara ya mwisho ulilala kwako lini? Mmoja alimwambia ametoka Mombasa, anaelekea Juba, na mtoto wake wa mwisho hajamwona tangu atambae. Mwingine alicheka tu, akamnunulia soda.

Tulirudi kwenye karatasi. Anachopenda hasa ni nini, safari au gari lenyewe? Gari, akasema, injini, magurudumu, namna linavyorudi nyuma kwenye nafasi finyu. Basi kumbe kuna fundi wa malori, kuna msimamizi wa yadi, kuna mkaguzi wa magari. Kuna pia ajenti wa forodha, ingawa mpaka wetu haulali, na tangu kituo cha pamoja kizinduliwe 2018 ajenti mwenye mzigo hawezi kuzima simu usiku. Fundi jioni yuko kwake, ila Jumamosi ndiyo siku yake ya pesa, hana mpira. Kijana bado anazipima, na udereva hajaufuta. Sawa tu. Sasa anajua anachokipima.

Wazazi wengi wakisikia "maisha unayotaka" wanadhani nawafundisha watoto kupenda anasa. Kweli kuna karatasi za magari na maghorofa ya Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, TikTok imefanya kazi yake, na sizicheki. Lakini sehemu kubwa ya wanachoandika haihusu pesa. Wanataka kuwa karibu na mama. Hawataki kuhamishwa. Binti mmoja aliandika kwamba hataki kazi ya zamu za usiku, halafu chini yake akaandika "nesi". Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, maana kuna kliniki zinazofungwa jioni na kuna wodi zisizofungwa, na mwalimu, polisi na mhudumu wa afya wa serikali wanaweza kupata barua ya uhamisho kwenda wilaya ambayo hawana hata shangazi.

Pesa tunaifikia, na tunaifikia kwa hesabu. Mtoto akisema milioni moja kwa mwezi inamtosha, tunaiandika ubaoni. Kwa viwango vya PAYE, kodi ya mshahara, vilivyowekwa 2012, hapo kodi ni 202,000. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 5 ni 50,000. Zimebaki 748,000, na bado hajala. Wanaendelea wenyewe: pango la chumba, taksi, posho (ugali) na maharage, Yaka (umeme wa kulipia kabla), bando. Karibu kila mara kuna anayepaza sauti, "Na ada ya mdogo wangu?" Sijawahi kulazimika kuwakumbusha hiyo. Wako wanaoiandika kabla ya pango.

Kitu ambacho watu wazima wenyewe hawakizungumzi ni jinsi pesa inavyoingia. Mwenye boda anaiona kila jioni na kila jioni inaweza kumponyoka. Mwenye mshahara anaiona mara moja, mwisho wa mwezi. Mkulima wa kahawa kule Bugisu anaipata kwa msimu, nyingi kwa mpigo, kisha miezi ya kusubiri. Watu watatu wanaweza kupata kiasi kilekile kwa mwaka na wakaishi maisha yasiyofanana hata kidogo. Mtoto anayekosa usingizi asipojua kesho kuna nini asisukumwe kwenye biashara kwa kuwa tu baba ana duka. Na kuna asiyeweza kungoja mwisho wa mwezi. Huyo pia tunamjua.

Muda nao una bei yake. Udaktari Makerere ni miaka mitano, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini. Ukimaliza S6 na miaka kumi na tisa, unaanza kujitegemea na ishirini na tano, ukienda bila kukwama. Fundi umeme aliyetoka S4 akaingia chuo, kwa umri huo ana wateja wake. Siwaambii nani amefanya vizuri.

Wazazi ndio kibarua. Baba mmoja alinijia: "Mwalimu, mwambie huyu asome ualimu kama shangazi yake, miaka miwili tu ana kazi." Nikamwambia, "Mzee, njia ya shangazi imefungwa." Sera ya walimu ya 2019 inataka shahada hata kwa shule ya msingi. Mishahara nayo haitulii: mwaka 2022 serikali iliamua mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipwe milioni 4 kwa mwezi, wa sanaa wakaachwa pale pale, wakagoma. Chumba kimoja cha walimu, chaki zilezile. Mtoto aliyechagua kazi kwa mshahara peke yake amechagua kitu ambacho bajeti moja inaweza kukigeuza.

Kuna wale ambao ada ya muhula huu ndiyo swali, si maisha ya miaka thelathini. Kwao Jumanne naisogeza karibu: ukiwa na miaka ishirini. Kazi gani unaweza kuanza kuisomea na cheti cha S4, na ikuache ukiendelea kusoma?

Wakimaliza UCE, mtihani wa S4, wana miezi kadhaa ya vaki, likizo ndefu, kabla ya S5. Mzazi, mpeleke kwa mtu anayefanya kazi anayoitaja, akae naye siku nzima, na aende saa ile ngumu: sokoni alfajiri mzigo ukishuka, saluni Desemba, zahanati siku ya chanjo. Aulize siku gani ya wiki mwenyewe haipendi, na kwa nini. Mshahara asiuulize mbele ya watu.