Umisheni wa Makanisa: Yanayodhaniwa Mombasa na Yaliyo Kweli

Dhana: Umisheni ni kazi ya Wazungu, na Waafrika walikuwa wapokeaji tu.

Ni kweli kwamba Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Church Missionary Society, shirika la umisheni la Kanisa la Anglikana la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na kwamba Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakafungua kituo Rabai. Hata hivyo, kazi hiyo haikuwa ya wageni peke yao tangu mwanzo. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, habari ambayo ni nadra kuisikia kanisani wala msikitini. Baadaye walikuja Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nashik, India. Mmoja wao, William Jones, alipewa ushemasi mwaka 1885, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu James Hannington kuelekea Uganda. Hannington alimwacha Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, pamoja na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha waliobaki kwa miguu hadi Rabai mapema mwaka 1886, huku wakibeba bendera iliyoandikwa "Ikabodi", neno la Biblia la utukufu ulioondoka.

Mwaka 1971, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri Afrika Mashariki alipotaka wamisionari na fedha za kigeni visitishwe kwa muda, wengi walidhani anaukataa umisheni wenyewe, ilhali alichotaka ni makanisa ya Afrika yajifunze kujitegemea. Leo mapadri na masista wa Kiafrika hutumwa nchi za mbali, na shirika la Mitume wa Yesu, lililoanzishwa Moroto, Uganda, mwaka 1968, ni la wamisionari wa Kiafrika.

Dhana: Injili hupimwa kwa idadi ya waliobadili dini, na njia yoyote inayoleta watu inafaa.

Dhana hii ndiyo inayoleta uchungu mwingi hapa Pwani, na kusema kweli baadhi ya wahubiri wameilisha wenyewe. Anayevuka feri ya Likoni ameshawasikia wanaohubiri kwa sauti ya kushindana na honi, na wengi tunakumbuka mihadhara ambamo kila upande ulitafuta kuichambua dini ya mwenzake mbele ya umati hadi watu wakatawanyika kwa hasira. Lakini yapo maelewano rasmi yanayopinga mtindo huo. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Duniani, Baraza la Kipapa la Majadiliano ya Kidini na Muungano wa Kiinjili Duniani walitoa kwa pamoja waraka kuhusu ushuhuda wa Kikristo katika ulimwengu wa dini nyingi. Waraka huo unawataka Wakristo waachane na ushawishi wa fedha na zawadi katika huduma zao, wasitumie udhaifu wa mgonjwa anayetafuta uponyaji, na wasiseme uongo juu ya dini nyingine. Unasema pia kwamba kubadili dini ni hatua nzito inayohitaji muda wa kutosha wa kutafakari na uhuru kamili wa mhusika. Kwa kipimo hicho, mchungaji anayegawa unga na mafuta ya kupikia mtaani Kisauni kwa sharti la kuhudhuria ibada amekosea, hata kama viti vyake vimejaa. Sheria ya nchi nayo inamlinda raia, kwani Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake.

Dhana: Kanisa likijishughulisha na shule, zahanati na haki za wakulima, limeacha injili.

Mkutano wa Wakristo wa kiinjili kutoka duniani kote, uliofanyika Lausanne, Uswisi, mwaka 1974, ulikiri kwa majuto kwamba uinjilisti na huduma kwa jamii vilikuwa vimetenganishwa kana kwamba vinapingana. Waliokutana pale hawakusema kwamba zahanati ni mahubiri. Walisema kwamba vyote viwili ni wajibu wa Mkristo.

Dhana: Umisheni ni kazi ya mapadri na wachungaji.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitamka mwaka 1965 kwamba Kanisa ni la kimisionari kwa asili yake, kwa hiyo utume ni wa kila aliyebatizwa. Mama anayeongoza sala ya jumuiya ndogo ndogo nyumbani kwake Changamwe yumo ndani ya kazi hiyo.

Dhana: Anayezungumza na Waislamu ameacha kushuhudia.

Waraka wa 2011 unayataja mazungumzo na ushuhuda pamoja, wala hauruhusu kimoja kifute kingine. Hapa kwetu, Coast Interfaith Council of Clerics, baraza la viongozi wa dini mbalimbali wa Pwani, imewakutanisha viongozi wa Kiislamu, wa Kikristo, wa Kihindu na wa dini za jadi katika masuala ya amani na usalama wa vijana, na hakuna anayetakiwa kuficha anachokiamini ili aketi pale.