Maziwa Hayaondoi Risasi Mwilini: Maswali na Majibu kwa Wanaofanya Kazi na Metali

Kazi yangu ni kupima kiasi cha metali katika damu na mkojo wa mafundi wa betri, wachomeleaji na wayeyushaji wa vyuma chakavu, kisha kuchunguza metali hizo zimefanya nini ndani ya seli zao. Kabla ya kuchoma sindano hulazimika kuusafisha mkono wa fundi mara kadhaa, maana vumbi la juu ya ngozi likiingia kwenye sampuli huharibu kipimo. Pamba ya kwanza hutoka nyeusi, ya pili ya kijivu, na mwenye mkono huwa amekwisha kuniapia kwamba amenawa.

Metali huingiaje mwilini?
Kwa pumzi na kwa kinywa. Moshi wa kuchomelea na vumbi laini la risasi, metali laini ya kwenye betri, hufika ndani kabisa ya mapafu, na vidole vilivyoshika betri hupeleka vumbi hilohilo kwenye chakula na sigara.

Ikishaingia, risasi hufanya nini?
Hukalia nafasi ya madini ambayo mwili unayahitaji. Kipo kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kinachosaidia kutengeneza himu, yaani sehemu inayoshika chuma ya himoglobini inayobeba oksijeni katika damu, nacho hakifanyi kazi bila zinki. Risasi huing'oa zinki hiyo na kukaa mahali pake, na hatimaye fundi hupungukiwa damu. Vivyo hivyo huiga kalisi (kalsiamu) na kuvuruga neva, kisha hujificha mifupani. Nusu ya risasi iliyo katika damu huondoka kwa takribani mwezi 1, lakini ya mifupani hukaa miongo, ikirudi kwenye damu kidogo kidogo, na hasa wakati wa ujauzito.

Lakini nikinywa maziwa kila jioni, si yanaisafisha?
Hapana. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni, na risasi iliyokwisha kuingia kwenye damu haitolewi na glasi ya kitu chochote. Mlo wenye kalisi ya kutosha hupunguza kiasi fulani cha risasi inayofyonzwa na utumbo, basi.

Mbona wenzetu hunywa na homa ya moshi hupona?
Homa hiyo, inayompata mtu saa chache baada ya kuvuta moshi wa zinki, huisha yenyewe kwa siku 1 au 2, hata kwa asiyekunywa chochote. Sifa wakapewa maziwa. Narudia: maziwa si dawa, wala si badala ya kipumulio. Mwajiri anayegawa maziwa huku akiacha karakana bila kifaa cha kuvuta moshi hajawalinda wafanyakazi wake.

Sisikii maumivu yoyote. Nipimwe ya nini?
Kwa sababu maumivu huchelewa. Tumbo kunyonga, choo kigumu, kichwa kisichoisha kuuma na kiganja kinacholegea ni dalili za mtu aliyekwisha kuingiwa na kiasi kikubwa, na wengi wa ninaowaona hufika hapo baada ya miezi ya dawa za tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mikrogramu 5 kwa desilita ya damu zinatosha kuanza kutafuta chanzo. Usingoje kuumwa.

Na metali nyingine?
Kadimiamu hulimbikizana kwenye figo na kudhoofisha urekebishaji wa vinasaba. Kromiamu ya aina inayopatikana katika moshi wa kuchomelea chuma kisichoshika kutu hupenya ndani ya seli na kuviharibu vinasaba vyenyewe. Zote mbili husababisha saratani.

Je, ipo dawa ya kuitoa risasi?
Ipo, hutolewa hospitalini chini ya uangalizi kwa wenye kiwango cha juu, na inaweza kuziumiza figo. Kuitumia huku unaendelea kuvuta vumbi ni hatari, na vidonge vya «kusafisha damu» vinavyouzwa mikononi si dawa hiyo.

Familia yangu inahusikaje?
Vumbi huja nyumbani na nguo zako. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake bado unajengeka. Oga na ubadilishe nguo kazini, nguo za kazi zifuliwe peke yake, na utakapokuja kupimwa uje na mtoto.