Asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo si riba

Wiki iliyopita mfanyakazi mpya aliniletea hati yake ya mshahara, akaweka kidole kwenye mstari wa makato ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, shilingi 120,000, akaniuliza kwa uchungu kwa nini anatozwa riba ya asilimia 15. Nimeandaa mishahara kwa miaka mingi na swali hilo nimelijibu mara nyingi mno. Safari hii naliandika.

Asilimia 15 ni sehemu ya mshahara wa msingi ambayo sheria inamtaka mwajiri aikate kila mwezi na kuiwasilisha Bodi hadi deni liishe. Riba hukokotolewa kwenye deni. Makato haya hukokotolewa kwenye mshahara. Kijana yule analipwa 800,000 na anadaiwa milioni 10, kwa hiyo, ukiweka kando tozo ya uendeshaji, atamaliza kwa miezi 84. Kama angekuwa analipwa 1,200,000, angekatwa 180,000 na kuona ameonewa zaidi, ilhali deni lilelile lingeisha kwa miezi 56. Riba ikipanda deni huchelewa kuisha. Makato yakipanda deni huwahi kuisha.

Mkanganyiko una chanzo chake. Zamani ilikuwepo tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na hiyo kweli ilikuza deni, hata mtu akakatwa miaka na miaka huku salio likishuka kwa shida. Ilifutwa mwaka 2021. Anayesimulia machungu ya dada yake aliyehitimu zamani hasemi uongo, ila anasimulia utaratibu uliokwisha.

Sitetei kila kitu. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 kiwango cha makato kilikuwa asilimia 8, na mimi ninayeona kinachobaki baada ya kodi, mchango wa hifadhi ya jamii na mkopo wa benki, sina hakika kwamba 15 inamfaa mtu anayeanza kazi kwa mshahara mdogo huku akilipa pango Dar es Salaam. Huo ni mjadala halali, lakini hauwezi kuanza iwapo tunabishania riba isiyokuwepo.

Kinachonikasirisha zaidi ni mwajiri anayekata asiwasilishe. Yalinikuta katika ajira yangu ya kwanza: hati zangu zilionyesha nimelipa miezi mitano, kumbukumbu za Bodi zikaonyesha sijalipa hata shilingi, na kama ningekuwa nimezitupa hati hizo nisingekuwa na la kusema.

Kwa mliopo chuoni, deni lenu si bumu, yaani fedha ya kujikimu, peke yake. Ada inayopelekwa moja kwa moja chuoni hamuioni mkononi, lakini ni yenu kuilipa, pamoja na fedha za vitabu na za mafunzo kwa vitendo. Andikeni kila kiasi kinapotoka, na mkishaajiriwa ombeni taarifa ya deni kila mwaka, mkailinganishe na hati zenu mstari kwa mstari.