Kuchemsha maji hakuondoi dawa ya wadudu

Wengi wetu Nairobi tumekua tukiambiwa kwamba maji yakichemka, kila kibaya kimekufa. Kwa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, ni kweli kabisa, na tafadhali endelea kuchemsha. Lakini dawa ya wadudu haina uhai wa kupotea. Nyingi hazipai na mvuke kwa urahisi; sufuria ikikaa jikoni mpaka maji yapungue nusu, sumu ya aina hiyo hubaki kwenye maji machache zaidi.

Wala macho na ulimi havisaidii. Kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa dawa moja katika maji ya kunywa ni mikrogramu 0.1 kwa lita, yaani gramu 1 ndani ya lita milioni 10. Nani ataonja hiyo?

Maabara hutumia njia kadhaa. Ninayoipenda ilibuniwa Denmark miaka ya 1970 na wanakemia Růžička na Hansen: maji kidogo, kama matone mawili, huingizwa kwenye mrija mwembamba wenye kemikali zinazotiririka bila kukoma. Ikiwa ni kabarili, mojawapo ya dawa za wadudu, alkali huivunja na kutoa kemikali iitwayo naftoli, nayo ikikutana na kemikali nyingine hutoa rangi. Mwisho wa mrija, kihisi hupima ukolevu wa rangi hiyo. Kwa kiwango kidogo sana, sampuli hukolezwa kwanza.

Nyumbani, kichujio cha kaboni hai (mkaa maalumu wenye vitundu vingi vidogo) hunasa sehemu kubwa ya dawa nyingi, mradi kibadilishwe kabla hakijajaa.